Kwa Baiskeli Hadi Nyika ya Venn



Wengi wenu mmeniuliza, baada ya salamu na kujuliana hali, nilikuwa wapi majuma yale matatu ambayo ukurasa huu haukuwa na jina langu. Niliwajibu kwa mkato kwamba nilikwenda Ubelgiji kumtazama mwanangu wa pili. Jawabu hilo lilikuwa la kweli, ila halikuwa kamili. Leo nataka kuwahadithia safari yenyewe, na hususan siku moja katika safari hiyo, nilipopanda baiskeli kutoka mji mdogo wa Eupen hadi juu ya nyika ya kinamasi ambayo wenyeji wanaosema Kijerumani huiita Hohes Venn, na wale wanaosema Kifaransa huiita Hautes Fagnes. Mwanangu ameisoma makala hii kabla yenu na ameiridhia. Ndugu zangu wawili nao wanayajua yaliyomo, kwani niliwaeleza kwa kinywa changu kabla sijashika kalamu. Kwa nini ilinipasa kufanya hivyo, mtaona mbele.

Miaka kumi iliyopita niliuza shamba la minazi nililorithi kwa marehemu baba, nje kidogo ya mji wa Malindi, na ndugu zangu wakaongeza kila mmoja alichojaaliwa, ili kijana aende Aachen, mji wa Ujerumani ulio mpakani mwa Ubelgiji, akasomee uhandisi. Tulimsindikiza kwa dua na kwa machozi. Mwaka wa nne wa masomo aliyaacha. Hakutuambia. Kwa miaka miwili tulipomuuliza habari za chuo alitujibu kwamba mambo ni mazuri, hadi siku mtoto wa jirani yetu aliyepita kule kwa kazi zake aliporudi na kutwambia, bila kujua kwamba ni siri, kuwa amemkuta Eupen amevaa viatu vya mpira hadi magotini, akifanya kazi ya kuziba mitaro kwenye matope.

Nilikasirika kwa namna ambayo sijivunii. Sikumpigia simu kwa miezi saba. Mama yake alizungumza naye kila Ijumaa nami nikiwa chumba cha pili nikijifanya nasoma. Mwisho mwenyewe akaniambia: "Wewe watoto wa watu unawafundisha subira. Nenda ukamtazame wako." Akafunga halua kopo mbili, kahawa ya kuponda na tangawizi kavu, akaviweka kwenye begi langu kabla sijakubali kwamba nitakwenda.

*

Nilifika Eupen mwishoni mwa mwezi wa Septemba. Ni mji wa Ubelgiji, lakini lugha ya sokoni na ya shule ni Kijerumani, kwa sababu nchi ile ilikuwa chini ya Waprusia tangu mwaka 1815 na ikakabidhiwa Ubelgiji baada ya vita vya kwanza vya dunia. Kwa siku mbili mimi na mwanangu tulizungumza kuhusu hali ya hewa, bei ya nyama ya halali na afya ya shangazi zake. Siku ya tatu, baada ya alfajiri, aliniambia: "Baba, kabla hujanihukumu nipe siku moja. Twende nikuonyeshe ninakofanya kazi. Njia ninayotaka uione haipiti gari. Tutakwenda kwa baiskeli."

Yeye anajua kwamba baiskeli si jambo geni kwangu. Tangu ujana wangu mimi hutoka nyumbani hadi madrasa kwa baiskeli nyeusi, ile nzito yenye kibebeo nyuma, na hadi leo wanafunzi hunitambua kwa mlio wa kengele yake kabla hawajaniona. Lakini aliyoniletea haikuwa ya ukoo huo. Ilikuwa nyepesi hata niliweza kuiinua kwa mkono mmoja. Usukani wake umepinda chini kama pembe za kondoo dume, tairi zake ni nene kuliko za baiskeli za mashindano na nyembamba kuliko zile za kupandia milima, na breki zake ni za visahani vya chuma. Huko wanaiita baiskeli ya changarawe, kwa kuwa imetengenezwa kwa ajili ya njia ambazo hazina lami na si za majabali pia, yaani zile njia za kokoto na udongo zipitazo misituni na mashambani. Mwanangu alikuwa ameifunga kengele ndogo kwenye usukani. Akacheka na kusema: "Nimejua bila kengele hutajiona umepanda baiskeli." Alikuwa amekodi pia nyingine yenye mota ya umeme, akanishauri niipande hiyo. Nikaikataa. Nilimwambia mtu aliyepanda baiskeli miaka arobaini hasukumwi na betri. Maneno hayo niliyajutia kabla ya saa nne asubuhi.

Tulitoka mjini tukapita karibu na bwawa la mto Vesdre, lililokamilika mwaka 1950. Ni ziwa kubwa la maji ya kunywa lenye uwezo wa kuhifadhi takriban mita za ujazo milioni 25, na limezungukwa na msitu pande zote. Kutoka hapo njia hufuata bonde la kijito kiitwacho Hill, ikipanda polepole chini ya miti kuelekea kusini. Kokoto zililia chini ya tairi kama mchele unaopepetwa kwenye ungo. Kwa saa nzima hatukusikia gari. Kijito kilikuwa upande wetu, na jambo la kwanza lililonishangaza ni rangi ya maji yake, kwani yalikuwa mekundu meusi kama chai ya rangi iliyokolea. Nilidhani ni uchafu wa kiwanda. Mwanangu akasema hakuna kiwanda juu kule. Hiyo ni rangi ya nyika yenyewe, inayoyatia maji rangi kama majani ya chai yanavyofanya ndani ya birika.

Eupen iko chini na nyika iko juu, na kilele cha nyika kiko mita 694 juu ya usawa wa bahari. Kwa mtu wa bara hicho ni kilima tu. Kwa mtu wa Malindi, aliyezoea kuendesha mahali ambapo mwinuko mkubwa ni tuta la barabarani, ni mlima. Nilishuka nikasukuma mara tatu. Mara ya tatu mwanangu naye alishuka, ingawa hakuwa amechoka, akasukuma ubavuni mwangu bila kusema neno. Tulikula halua ya mama yake tukiwa tumeegemea mti, na naweza kushuhudia kwamba hakuna chakula cha wanamichezo kinachorejesha nguvu za miguu kwa haraka kama halua ya Kiswahili.

*

Kisha msitu ukaisha ghafla, kama pazia lililovutwa, na nikaiona Venn.

Ndugu msomaji, fikiria bahari wakati wa maji mafu, iliyogeuka nyasi. Uwanda ule umelala mpana, rangi ya shaba na dhahabu iliyochakaa, na upepo ukipita nyasi huinama kwa mawimbi. Hapa na pale kuna mti mmoja uliopinda, na vichaka vifupi ambavyo maua yake ya zambarau yalikuwa yameanza kukauka. Hakuna nyumba wala ng'ombe. Ukitia mguu nje ya njia, ardhi inatetemeka, kwa sababu si ardhi kwa maana tunayoijua sisi. Ni maji yaliyoshikwa na mimea.

Mwanangu aliinama, akachuma fumba moja la mmea mdogo wa kijani uliokuwa ukingoni mwa njia, akalikamua. Maji yalimiminika mkononi mwake kama kwamba amekamua nguo iliyotoka kwenye beseni. Mmea huo kwa jina la kitaalamu ni Sphagnum. Hauna mizizi. Mimi nilipouona niliufananisha na mwani wetu wa pwani, ila huu umehamia nchi kavu. Huweza kubeba maji yenye uzito wa mara nyingi kuliko uzito wake wenyewe, hata kufikia mara ishirini. Sehemu yake ya juu hukua, na sehemu ya chini hufa. Lakini kwa kuwa imezama ndani ya maji machachu yasiyo na hewa, haiozi. Hujilimbika tabaka juu ya tabaka, ikawa udongo mweusi laini, kwa kiasi cha milimita moja hivi kwa mwaka. Penye kina cha mita moja pana umri wa takriban miaka elfu moja, na katika Venn zipo sehemu zenye kina cha mita kadhaa. Nilisimama juu ya jambo lililoanza kabla ya Misri ya mafirauni.

Wenyeji wa zamani walikata udongo huo, wakaukausha, wakauwasha majiko yao wakati wa baridi. Hao walichukua kwa sepetu na kwa kipimo. Kisha, katika karne ya 19, ikaja serikali ya Prussia na hesabu zake. Nyika isiyotoa mbao wala nafaka ilionekana kuwa ni hasara. Ikachimbwa mitaro ya kuyatoa maji, na juu yake wakapanda misonobari mingi, mti ambao haukuwa wa mahali pale, safu baada ya safu mithili ya askari. Maji yakatoka. Na yalipotoka, udongo ulioshikwa na maji kwa maelfu ya miaka ukakutana na hewa, ukaanza kuoza na hata kuwaka. Mwezi wa Aprili 2011 moto ulipita juu ya nyika ile ukala zaidi ya hekta 1,000.

Kwa hiyo leo mahali pale pana amri, na watu wanazitii. Sehemu hizo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1957, yenye zaidi ya hekta 4,000. Zipo sehemu unazoweza kutembea kwa kufuata njia zilizowekwa alama, zipo ambazo huingii ila pamoja na kiongozi aliyeidhinishwa, na zipo ambazo haingii mtu. Kukiwa na hatari ya moto, bendera nyekundu hupandishwa kwenye milango ya njia na kila mtu hurudi alikotoka. Baiskeli zina njia zake maalumu za kokoto. Kwenye zile njia nyembamba za mbao zilizojengwa juu ya kinamasi baiskeli haziruhusiwi, hata kwa kusukuma. Tulipofika penye njia ya mbao tuliziacha zetu na kwenda kwa miguu. Nilipenda adabu hiyo. Mahali patukufu pana mipaka yake, na mwenye kuipenda nyumba hukubali kuvua viatu mlangoni.

*

Juu ya nyika, kando ya barabara kuu, kuna mahali paitwapo Baraque Michel. Jina hilo latokana na mtu aliyeitwa Michel Schmitz, ambaye mwanzoni mwa karne ya 19 alijenga kibanda chake pale penye upweke, na yeye na aila yake wakawa wakiwaokoa wasafiri waliopotea. Karibu na hapo lipo kanisa dogo la mawe, lililojengwa mnamo 1830 na tajiri mmoja aliyeitwa Fischbach. Kilichonigusa mimi ni kazi ya jengo lile. Usiku taa iliwashwa katika mnara wake mdogo, na ukungu ulipotanda kengele iligongwa, ili aliyepotea kwenye nyika ageuze uso wake kuelekea sauti. Watu wengi waliokolewa kwa njia hiyo. Mtu wa pwani anaelewa mara moja maana ya taa kama ile. Ni mnara wa kuongozea majahazi, ila umejengwa mahali pasipo bahari.

Si kila mtu aliyeisikia kengele. Mbali kidogo na hapo upo msalaba wa kumbukumbu ya wachumba wawili, François Reiff na Marie Solheid. Mwezi wa Januari 1871 walivuka nyika kwa miguu kwenda kijijini kwa kina Marie kutafuta karatasi za ndoa yao. Kijana alikuwa kibarua kwenye ujenzi wa bwawa la Gileppe. Walionywa kwamba theluji ni nyingi, wakaenda. Miili yao iligunduliwa mwezi wa Machi theluji ilipoyeyuka. Msichana alikuwa kando ya jiwe la mpaka, na mchumba wake mahali pengine mbali naye. Nilisimama pale kwa muda. Niliwafikiria wazazi wao, miezi miwili ya kungoja bila habari, na nikakumbuka ile miezi yangu saba ambayo habari ilikuwapo kwenye simu nami sikuitaka.

*

Tuliswali adhuhuri na alasiri pamoja, kwa ukavu wa kibanda cha wapita njia, kisha mwanangu akanipeleka mahali pake pa kazi. Ilikuwa Jumapili na hapakuwa na mtu.

Mahali penyewe palikuwa msitu wa misonobari iliyokwisha kukatwa. Visiki vilibaki, vyeupe, na kati yake mitaro iliyonyooka kama mistari ya daftari. Katika kila mtaro, kwa kila umbali wa hatua kadhaa, palikuwa na kizuizi cha mbao na udongo, na nyuma ya kila kizuizi maji yamesimama meusi na matulivu. Kazi ya namna hii ilianzishwa kwa upana kati ya mwaka 2007 na 2012 kwa fedha za Umoja wa Ulaya, na bado inahitaji mikono. Mwanangu na wenzake hukata, huchimba, huziba, kisha hurudi mwaka unaofuata kutazama. Alinionyesha mtaro wa kwanza alioshiriki kuuziba. Ule mmea wa kijani ulikuwa umeingia juu ya maji kutoka pande zote mbili, na katikati palibaki uwazi usiozidi upana wa msala.

Akasema: "Waprusia walihesabu wangapata mbao ngapi. Hakuna aliyehesabu maji. Mvua ikinyesha kwenye nyika yenye mitaro, inashuka yote mara moja. Ikinyesha kwenye nyika iliyoziba, inashuka kidogo kidogo."

Nilimuuliza kuhusu mafuriko ya Julai 2021, kwani nilikuwa nimeona alama za maji kwenye kuta za sehemu ya chini ya Eupen. Mto Vesdre ulipanda ukabomoa nyumba kuanzia pale hadi Verviers na Pepinster, na katika Ubelgiji watu karibu 40 walifariki. Je, mitaro ikizibwa balaa lile lisingetokea? Hakunidanganya. Alisema mvua ile ilikuwa kubwa kuliko nyika yoyote, na asingethubutu kumwambia mtu aliyefiwa kwamba vizuizi vyake vya mbao vingemwokoa jamaa yake. "Lakini mvua si zote ni kama ile, Baba. Zile za kila mwaka ndizo tunazozifanyia kazi."

Jawabu hilo lilinigeuza kuliko yote niliyoyaona. Kijana aliyenificha ukweli kwa miaka miwili alikuwa amepata jambo ambalo hawezi kulisemea uongo hata kwa faida yake.

Hapo nikayatoa niliyokuja nayo. Nilimwambia kuhusu shamba la babu yake na minazi yake. Nilimwambia kwamba kuacha chuo ni kosa la kijana, linasameheka. Kutuficha ni kuivunja amana. Alinisikiliza hadi mwisho akiwa ameinamisha kichwa, na hakujitetea. Alisema alifeli mitihani mara mbili, akaona aibu, na kila siku iliyopita ikaiongeza aibu ile hata akashindwa kuitamka. Akaomba radhi. Kisha akainua uso akaniuliza, kwa sauti ya chini na kwa heshima zote: "Na ami zangu, Baba? Wanajua?"

Sikuwa na la kujibu. Ndugu zangu, waliotoa fedha zao kwa ajili ya masomo yale, walikuwa wakiniuliza kila Idi kijana amefika mwaka wa ngapi, nami nikawajibu kwamba mambo ni mazuri. Maneno yaleyale. Nilikuwa nimebeba ghadhabu yangu kutoka Malindi hadi Ubelgiji ilhali uongo niliokuja kumhukumu nao nilikuwa nimeuacha nyumbani kwangu, umekaa kwenye kiti changu.

*

Tulipanda hadi Botrange, kilele cha Ubelgiji nzima. Hapo pana kichuguu kilichojengwa mwaka 1923, chenye ngazi na urefu wa mita sita, kwa sababu kilele kilikuwa mita 694 na mtu mmoja alitaka nchi yake ifike 700. Nilizipanda ngazi zile kwa magoti yaliyokuwa yakilalamika, nikacheka peke yangu. Kila mmoja wetu ana mita sita zake anazojiongezea mbele za watu.

Tuliporudi kuelekea bondeni, ukungu ulishuka. Sijui kama neno hilo latosha. Sisi tunajua ukungu wa asubuhi unaoondoka jua likichomoza. Huu ulikuja kama mtu anayefunga mlango. Nilikuwa nimetangulia, kwani njia ilikuwa ikiteremka na nilitaka, nakiri, kuonyesha kwamba bado ninaweza. Nilipogeuka mwanangu hakuwapo. Nilipotazama mbele njia ya kokoto ilikuwa imekwisha, na pale iliposhia palianza njia ya mbao iingiayo kwenye nyasi na kupotea. Nilikuwa nimeipita njia panda bila kuiona.

Nilitamani kuendelea. Mtu aliyepotea hupata nguvu ya ajabu ya kwenda mbele. Lakini asubuhi aliniambia: "Ukipotea, simama palepale. Usitafute njia. Acha utafutwe." Nikasimama. Baridi iliingia ndani ya kanzu na koti. Sikusikia ila maji yakitembea chini ya nyasi mahali nisipopaona. Kisha nikakumbuka kengele ile ndogo kwenye usukani, nikaanza kuigonga. Mara tatu, nikanyamaza. Mara tatu, nikanyamaza. Sikuona kama ni jambo la kuchekesha wakati ule. Baada ya muda ambao sikuupima nilisikia kengele nyingine ikijibu, mbali, kushoto kwangu, na sauti ikiita, "Baba! Usiondoke!"

Alinifikia akihema. Alinishika mkono wa kulia, akaubusu kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo akitoka madrasa, akanivisha glavu zake. Tuliteremka polepole, yeye mbele, mimi nikifuata taa nyekundu ya baiskeli yake.

*

Usiku ule nilimpigia simu kaka yangu mkubwa, kisha mdogo wangu. Mkubwa alinyamaza kitambo kirefu. Mdogo alighadhibika, na ana haki yake, na hadi leo ninapoandika hatujamaliza. Mwanangu amejitolea kuwarejeshea fedha zao kidogo kidogo kila mwezi. Mimi nimeahidi kuchangia, kwa kuwa sehemu ya deni ni yangu. Shamba limekwenda, na minazi ile sasa ni ya mwingine. Sikuwahadithia haya ili ionekane kwamba kila kitu kimetengemaa.

Ila nimerudi na jambo moja. Tunapomtuma kijana ng'ambo, tunamtuma pamoja na picha tuliyoichora sisi, ofisi na tai na jina mbele ya jina. Picha hiyo ni nzito kuliko begi lake. Akishindwa kuibeba huiweka chini gizani na kutwambia bado anayo. Waulizeni watoto wenu kazi wanayoifanya, na mkijaaliwa uwezo nendeni mkaione kwa macho. Nasi tusidharau matope. Tumezaliwa kando ya mikoko. Kule Gazi, katika Kwale, wanakijiji wanaitunza mikoko yao na kuipata faida yake kwa kuuza kaboni inayohifadhiwa na miti ile pamoja na tope lake, na fedha hizo zimesaidia maji na shule. Tope la Gazi na tope la Venn hufanya kazi moja, lashika kile ambacho kikiachiliwa huleta madhara.

Kwa wale ambao jamaa zao wanaishi Ubelgiji, Ujerumani au Uholanzi na wangependa kuiona Venn, nawausia machache. Nendeni na nguo za baridi hata kama asubuhi kuna jua. Mtazame bendera kabla ya kuingia. Msiiache njia hata kwa hatua moja. Na akiwapa mtu baiskeli yenye mota, ipokeeni na mshukuru.

Kengele ile mwanangu aliifungua siku ya kuondoka akanipa. Nimeifunga kwenye baiskeli yangu nyeusi kando ya ile ya zamani. Wanafunzi wanauliza kwa nini mwalimu ana kengele mbili. Nawaambia, moja ni ya kuwaambia watu ninakuja, na nyingine ni ya siku nitakapokuwa sijui niendako.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.